Mtakatifu wa Kwenye Kioo

Mpendwa Mama Ditas,

Naomba msaada wa safu yako ya ushauri, na nauomba kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi shangazi yangu anachoma nguruwe mzima kwa heshima ya mtakatifu ambaye hayupo, na kosa ni langu.

Mimi ni mwanamume, fundi cherehani hapa San Isidro, magauni ya maandamano ya kanisa ya Mei nashona mimi, na joho la sanamu ya Bikira wa parokia haruhusiwi mwingine kuligusa, lakini ni mimi huyuhuyu ambaye nilipokuwa na miaka kumi na sita shangazi Presing, aliyenilea, alinipeleka kwenye ukumbi wa kikundi cha maombi ili pepo wa kupenda wanaume anitoke, wakanishika kichwa watu wazima chungu nzima, wakanimwagia mafuta, wakanipigia kelele mchana kutwa, na nilipoona hawana mpango wa kuniachia nikajiangusha chini nikatetemeka kidogo kama nilivyoona wengine wakifanya, wakapiga makofi, tukaenda nyumbani kula. Tangu hapo shangazi anawaambia watu kwamba nilipona. Sikupona, Mama Ditas, nilikuwa na njaa. Na hadi leo Elpidio akinishika bega tu, nasikia harufu ya yale mafuta, mwili unasinyaa, naanza kuomba msamaha na hata sijui namwomba nani.

Elpidio ndiye mwenzangu wa maisha. Kwa shangazi anaitwa mpangaji, ingawa chumba alichopanga ni changu na kina kitanda kimoja. Yeye ndiye aliyenishawishi niende Calamba kwa mtaalamu wa nafsi, Bi Luwalhati, anayewasaidia watu kama sisi bila kutaka kutugeuza, nikaenda, nikalia, nikamwaga yote, na nilipomaliza nikamwuliza toba yangu ni ipi. Akasema hakuna toba. Nikamwona mvivu. Badala yake akanipa kazi ya nyumbani, kwamba kila asubuhi nijitazame kwenye kioo nijiambie kwa sauti: "Sikuumbwa kwa makosa. Napendwa nilivyo. Waliyonitendea ukumbini hayakuwa haki."

Sasa wewe ni mtu wa huku, unajua. Maneno ya kurudia kila siku mtu hawezi kuyasema amesimama hivi hivi kama anaita kuku. Nikawasha mshumaa, nikapiga magoti, nikajipangia siku tisa kama novena, na pembeni ya kioo nimebandika picha ya Jonalyn Dimaculangan siku aliyotwaa taji la urembo la mkoa, analia, mikono kifuani, macho yanatazama juu. Shangazi akapita mlangoni, akaona mshumaa, akapiga magoti nyuma yangu bila kuuliza, na nilipomaliza sentensi ya kwanza akaitikia, "Utuombee." Novena haikatizwi. Nikaendelea.

Kesho yake akaja na jirani yetu Bi Puring na mdogo wake Bi Puring, ambaye ni mjane. Bi Puring hakuwa na miwani, akaitazama sana ile picha akasema huyu msichana aliteswa, nami nikajibu kwamba ni kweli, maana taji la taifa walimnyima. Toka siku ile anaitwa Mtakatifu Jonalyn. Bi Puring anasema goti lake limeacha kuuma. Mdogo wake akisikia "Napendwa nilivyo" analia kila asubuhi, anasema marehemu mumewe hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Shangazi naye amezeeka, viitikio vinampotea, kwenye sentensi ya mwisho wenzake wanasema "Utuombee" naye anasema "Utusamehe," kila siku, na hakuna anayemsahihisha kwa sababu ya heshima. Mimi mwenyewe, nikuambie ukweli, sijawahi kulala vizuri hivi.

Lakini Jumamosi ndiyo siku ya tisa. Mtaa mzima umealikwa, kutakuwa na nguruwe, tambi za pansit sinia kubwa na keki za mchele, na shangazi anataka nisimame nieleze muujiza. Na Elpidio juzi alikuwa anaosha vyombo akaniambia, "Ukinitambulisha kuwa mpangaji mbele ya yule nguruwe, mimi nabeba jiko langu la umeme la wali naenda kwa dada yangu." Alisema polepole, hakupandisha sauti, ndiyo maana naogopa. Nimefikiria kujifanya naumwa. Nimefikiria kuacha kwenda kwa Bi Luwalhati, maana yeye ndiye chanzo. Nikisema ukweli nampoteza aliyenilea, nikinyamaza nampoteza anayenipenda. Nifanyeje?

Wako,
Fundi Mwenye Mshumaa

*

Fundi wangu,

Kwanza, kabla barua yako haijachapwa majina yote nimeyabadili mimi, pamoja na jina la mji, maana wewe umejificha nyuma ya jina la bandia halafu ukataja joho la Bikira. Ungeweka na picha yako kabisa.

Nimecheka mpaka nikafika kwenye mafuta, hapo nikaacha kucheka. Mtoto kushikwa kichwa na kupigiwa kelele mchana kutwa hayo si maombi, ni ukatili, hata kama waliofanya waliimba vizuri. Hukuwa na pepo. Ulikuwa na njaa, na mtu mwenye akili angekupa wali. Nakupa pole, tena ya kweli.

Pole imekwisha, sasa unisikilize. Bi Luwalhati si mvivu. Amekunyima toba kwa sababu toba ni ya mwenye kosa, nawe unamdai adhabu kama mteja aliyepunjwa nyama. Utaendelea kwenda Calamba. Mweleze na habari ya mshumaa. Nadhani atacheka, lakini sidhani kama atakukataza. Mungu uliyemzoea ni wa magoti na mishumaa, na hakuna aliyesema lazima umwache ili upone.

Elpidio naye. Mpangaji! Amekusindikiza mpaka kwa mtaalamu, anaosha vyombo vyenu, na bado unamtambulisha kama mtu aliyeona tangazo la chumba. Bahati yako ametaja jiko. Anayetaka kuondoka kweli huondoka na nguo zake tu. Huyu anataka umzuie.

Sasa shangazi. Umeandika kwamba viitikio vinampotea. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili nikaweka chai chini. Mwanamke aliyezeekea kwenye novena, wewe unataka niamini kwamba neno linampotea mahali pamoja tu, palepale, kila asubuhi? Sentensi ya kwanza anaipatia. Ya pili anaipatia. Ikifika ya ukumbini anasema "Utusamehe." Fundi, wewe ndiye uliyepotea. Shangazi yako anajua anachoitikia. Na habari ya kitanda kimoja anaijua pia, maana mashuka, nakufahamu, huyafui wewe.

Naweza kuwa nimekosea, mimi si malaika. Kwa hiyo fanya hivi. Zungumza naye Ijumaa, si Jumamosi mbele za watu, mkiwa jikoni anakata kabichi, maana mtu mwenye kazi mkononi husikiliza vizuri zaidi. Sema, "Shangazi, Elpidio ni mwenzangu." Anza na hilo. La Jonalyn lifuate, nalo uliseme taratibu, nahofia litamshtua zaidi. Nguo zenu chache ziwe zimetangulia kwa dada yake Elpidio, iwapo atafoka. Akifoka, ondokeni wote wawili, na jiko lenu. Asipofoka, nguruwe aliwe kama ilivyopangwa, na goti la Bi Puring mliache lilivyo.

Na kama ni msamaha anaoomba, hulazimiki kuwa nao tayari Jumamosi kama pansit. Utakuja kwa wakati wake, au hautakuja, hilo ni lako na Bi Luwalhati.

Ila asipofoka, siku ya tisa usiongoze wewe. Kaa kiti kimoja na Elpidio kama kiti kinatosha. Mpishe shangazi mbele ya kioo, aiseme ile sentensi ya tatu kwa mdomo wake, na aianze hivi: "Tuliyokutendea." Wengine wataitikia walivyozoea. Wewe nyamaza usikilize.

Mama Ditas