Misalaba ya Penseli

Ndugu yangu, uko?

Unakumbuka nilivyojigamba kwako kwamba nimefuta michoro yote ya penseli kwenye vitabu vya hukumu, rafu nzima?

Leo profesa kaja maktabani, kafungua kimoja, kaniuliza taratibu, "Mwanangu, alama za marehemu ziko wapi?"

Marehemu mkutubi, niliyerithi kiti chake. Kumbe kila hukumu iliyotenguliwa aliitia msalaba. Miaka thelathini.

Mwezi uliopita profesa aliona ukurasa safi, akaitegemea hukumu iliyokwisha kutenguliwa kumkatia mfungwa rufaa. Jana rufaa ilitupwa.

"Ulifuta wewe?"

Nikasema ndiyo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa nimekiinamisha kitabu kwenye mwanga. Penseli imefutika, lakini msalaba umebaki umedidimia kwenye karatasi. Naupapasa kwa kidole.

Rafu nzima, ndugu yangu. Nimechukua penseli, nimeanza na cha kwanza.