Leo Nimembeba Mama

Jumapili, usiku

Mizani inasema kilo zile zile, lakini mkanda umeingia matundu mawili. Kocha wa jimu ya hapa Bomani aliniambia ndivyo inavyokuwa kwa mtu aliyeacha mazoezi muda mrefu: mafuta yanatoka, misuli inarudi, mizani haioni. Nilimwamini nusu nusu.

Leo nimekwenda Kisaka kumwona mama. Tangu miguu yake ikatae, dada yangu Bhoke ndiye anayemtoa nje kuota jua. Krismasi nilijaribu mimi, nikahema, nikashindwa kufika hata mlangoni, ikabidi jirani anipokee. Aibu ile ndiyo iliyonirudisha kwenye kunyanyua vyuma, baada ya miaka ya kukaa ofisini Sirari nikinywa soda.

"Shikamoo mama. Leo nakubeba."

"Marahaba. Utaniangusha wewe!"

Nikapiga goti, nikapitisha mikono, nikainuka naye. Sikuhema hata kidogo. Nikamzungusha uani, akacheka, akanishika shingo.

"Umeona?" nikamwambia Bhoke. "Nguvu zimerudi."

Bhoke hakucheka. Alisubiri nimweke mama kwenye mkeka, akanivuta kando.

"Chacha, hata mimi siku hizi nambeba kama mtoto," akasema. "Chakula kimemshinda. Ni uji tu, na haumalizi."

Ndipo nikamtazama mama vizuri, mabega yale, mikono ile...

Tangu Krismasi sikuwa nimekanyaga Kisaka. Kila Jumapili nilikuwa jimu.