Pahali pa Jina la Baba

Mutomo, 4 Machi 2024

Kwa Shangazi Kavata,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya mashahidi ambao ni mimi na paka wa duka, natangaza kwamba familia ya marehemu Nthiwa imenunua rula. Ni ya mita moja, ya mbao, na haijapinda. Uzinduzi ulifanyika jana juu ya kaunta, katikati ya dawa za kupe na chumvi ya ng'ombe. Hotuba zilikuwa fupi.

Baada ya hilo, habari za Kathonzweni? Mguu unaendeleaje? Mvua imewafikia ama bado inapita juu ikienda kwa watu wenye bahati? Sisi huku wazima. Nakuandikia kwa sababu simu yako siku hizi imebaki na spika peke yake, nikikuuliza jambo la nyumbani najibiwa na majirani watatu. Barua nampa dereva wa gari la kwenda mjini Wote. Ni mtu wa kanisa, hafungui vya watu.

Sasa sababu ya rula. Kathini wangu amepata mtu. Anaitwa Mbuvi, mwalimu wa hesabu, nyumbani kwao ni hapo hapo kwenu. Shangazi, tangu mama yake Kathini afariki sijamsikia huyu mtoto akicheka kabla ya chai ya asubuhi. Siku hizi anacheka akipiga mswaki. Mbuzi wa ntheo wanakuja Jumamosi tarehe 27 Aprili, na unajua mbuzi hao wakishachinjwa na kuliwa, msichana ameolewa, hakuna kurudi nyuma. Wazee wa ukoo wanataka kwanza kuona mstari wa vizazi vyetu kwa karatasi, ili iwe wazi watoto hawa hawakutani mahali.

Nimechora. Kila kitu kimekaa isipokuwa kimoja. Kwenye sanduku la babu kuna ile barua ya serikali, ndani ya fremu ya baba: Nthiwa alifia vitani, Burma, mwaka 1944. Baba yangu Musyimi, kaka yako, alizaliwa 1949. Wewe ukafuata 1953. Mimi ni mtu wa dawa za mifugo, sijasoma sana, lakini najua ng'ombe hubeba miezi tisa. Susu Nzisa, bibi yangu, baba alimbeba miaka mitano, na wewe akakubeba tisa.

Nisaidie.

Mtoto wa kaka yako,
Kiema


Kathonzweni, 13 Machi 2024

Mwanangu Kiema,

Salamu nyingi. Habari za rula nimezipata. Mungu awalinde mlale salama na kitu kikubwa hivyo ndani ya nyumba. Mguu upo, hauendi mbali na mimi. Mvua ilinyesha siku moja ikatuonyesha rangi yake, ikaondoka. Ndengu nimepanda nusu shamba, nusu nyingine nangoja nione kama ilikuwa mzaha.

Kwa ajili ya Kathini nilipiga vigelegele peke yangu hapa uani, kuku wakatawanyika. Mwambie shangazi yake mkubwa amefurahi.

Kuhusu hiyo miaka, usijisumbue. Watu wa zamani hawakuzaliwa na tarehe. Karani alikuuliza, ukataja mwaka wowote ili uende nyumbani. Andika Nthiwa, andika Nzisa, chini yao andika baba yako na mimi, kisha weka rula chini upumzike. Uza dawa zako.

Halafu huyo Mbuvi ni wa nani? Hapa akina Mbuvi ni wengi kama vumbi. Baba ya baba yake anaitwaje? Nauliza tu.

Shangazi yako,
Kavata


Mutomo, 22 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba ndengu zimeamini ile mvua. Sisi tuko sawa, isipokuwa mbuzi wa jirani aliyekula risiti zangu za mwezi wa pili. Namheshimu, alizimaliza zote.

Mbuvi ni mjukuu wa marehemu Kivuva, yule aliyekuwa anachimba visima. Wao ni ukoo mwingine kabisa na wetu. Wazee wamekaa Jumanne, wakaangalia karatasi, wakakohoa kwa zamu, wakasema njia ni nyeupe. Kathini ameshachagua kitambaa.

Lakini nilikuwa Kitui kuchukua dawa, nikapitia lile kanisa ambapo baba alibatizwa, nikaomba kuona kitabu cha zamani. Karani wa mwaka 1956 alikuwa na mwandiko mzuri. Mtoto: Musyimi. Mama: Nzisa. Na pahali pa jina la baba ameandika Ndunge, kisha akaweka alama ya kuuliza, halafu akaikata, kama mtu aliyeelezwa akakubali shingo upande.

Susu Ndunge namkumbuka. Alinichapa nikiwa na miaka sita kwa kukalia kiti chake. Alikuwa mke wa Nthiwa, na nilidhani Nzisa ni mke wake wa pili. Sasa nimeelewa: Ndunge alibaki mjane bila mtoto wa kiume, na yeye ndiye aliyetoa mahari akamwoa Nzisa, ili nyumba ya Nthiwa isizimike. Susu yangu alikuwa iweto, mke aliyeolewa na mwanamke. Niliwauliza wazee. Mmoja akaniambia, "Kwani hukujua? Tulidhani wewe ndiye mtu wa kusoma." Walijua wote! Hakuna aliyeniambia kwa sababu kwao hiyo si habari.

Nami sioni aibu. Kwa mila baba ni mtoto wa Nthiwa, na atakayebisha aje na rula yake. Ila mtu amebaki nje ya karatasi, Shangazi. Wanawake wawili hawazai peke yao. Alikuwa nani?

Mwanao,
Kiema


Mutomo, 10 Aprili 2024

Shangazi,

Habari za siku nyingi? Mguu je? Sijapata jibu, na zimebaki siku kumi na saba.

Dereva anasema ile barua ulipewa mkononi. Anasema uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaitia kifuani, ukaingia ndani bila kumpa hata maji, na wewe huwa unampa maji. Nimejaribu simu mara nne. Mara moja ulishika, nikasema tu "Shangazi, kuhusu Kivu—" ukakata.

Nimeirudia barua yako ya kwanza. Uliuliza jina la babu yake Mbuvi, ukasema unauliza tu. Nimekuwa nyuma ya kaunta miaka ishirini na mbili. Mtu akija kuuliza jambo "tu", huwa kuna mnyama amelala chini huko nyumbani.

Kathini anafua pazia. Ananiuliza mbona nimekonda. Kama kuna kitu, niambie kabla mbuzi hawajafika.

Kiema


Kathonzweni, 17 Aprili 2024

Mwanangu,

Nakusalimu, na leo usiniulize habari za mguu.

Nilipokuwa na miaka tisa alikuja mtu kutuchimbia kisima kwenye mto mkavu. Akakaa siku sita. Ndunge alimpikia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, kwa mkono wake mwenyewe, na Ndunge hakuwa anampikia mtu. Siku ya kuondoka akamwita baba yako, akamshika kichwa hivi, akamwangalia muda mrefu, akampa jembe dogo la kuchimbia. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Mimi hakunipa kitu. Nikaenda kumlilia mama. Mama akaniambia: "Yule ni wa Musyimi. Ndunge ndiye alimchagua, kama mtu anavyochagua dume. Wako alipita tu." Kisha akanishika mdomo kwa vidole viwili, akaniapisha, na hakuwahi kulirudia tena mpaka anakufa.

Mchimba kisima ni Kivuva.

Ona sasa dunia. Nikaolewa huku, kijiji kimoja na yeye. Miaka thelathini nimemsalimia kanisani, "Habari ya asubuhi, mzee," naye "Nzuri, mama," na hakuna aliyeongeza neno. Alipokufa nilipika chai ya matanga pamoja na wake za wanawe.

Baba yako hakujua. Aliweka barua ya Burma kwenye fremu. Mtu mmoja alimtania mazishini kwamba pua yake ni ya kutoka huku kwetu Makueni, akampiga huyo mtu kwa kiti, na baba yako alikuwa mzee wa kanisa. Ningemwambiaje?

Kuolewa na mwanamke si aibu na mama hakuwa na aibu. Lakini niliapa, na nimekitunza hiki kiapo miaka sitini na miwili. Leo nakivunja kwa sababu ya Kathini. Wazee wamehesabu ukoo, na kwa ukoo njia ni nyeupe kweli. Damu hawakuihesabu. Mbuvi ni mjukuu wa Kivuva. Na wewe ni mjukuu wa Kivuva. Huyo unayetaka kumwita mkwe ni ndugu yako.

Fanya unaloweza, ila usitaje jina la mama yangu. Hii barua uichome.

Kavata


Mutomo, 30 Aprili 2024

Shangazi,

Pole, na asante. Nimeichoma. Sijui kama wewe ni mzima. Mimi sijui mimi ni nini.

Niliwapigia watu wa Mbuvi tarehe 19 nikawaambia wasije. Wakauliza sababu. Nikasema sababu ipo. Wakasema sababu ambayo ipo huwa na jina. Nikakata, kwa hiyo tabia hiyo nimeirithi kwako.

Kathini nilimwambia jikoni.

"Baba, nipe sababu moja."

"Ni mambo ya ukoo."

"Ukoo gani? Huu ambao wazee wamesema ni mweupe?"

"Kuna mambo wazee hawakuona."

"Na wewe umeyaona na rula?"

Akangoja. Shangazi, alinipa nafasi ndefu sana ya kusema kitu, na kinywa changu kilikuwa na jina la mama yako ndani yake, nikakifunga. Akasema, "Mama angeniambia." Akatia nguo kwenye begi, pamoja na kile kitambaa, akaenda Kitui kwa rafiki yake. Simu yangu hashiki.

Tarehe 27 mbuzi hawakuja. Walifika wazee wawili ambao hawakupata habari. Niliwapa chakula, wakala, wakaomba, wakasema sherehe ilikuwa nzuri.

Jumatatu akaja Mbuvi mwenyewe. Akaniamkia vizuri. Akauliza bei ya dawa ya minyoo. Hana mbuzi. Nikamtajia. Akanunua chupa mbili, akasimama pale mlangoni, akasema, "Mzee, mimi ni mtu wa hesabu. Nikikosea nataka kuonyeshwa wapi." Nilimwangalia pua. Nilimwangalia masikio. Nilikuwa namtafuta baba yangu kwenye uso wa mtoto wa watu, na Mungu anisamehe, nilimwona.

Hataacha, Shangazi. Na Kathini hatarudi bila sababu. Sikuombi nivunje kiapo chako mimi. Nakuomba uende wewe kwa mama yake Mbuvi. Ni nyumba ya tatu kutoka kwako. Mwanamke kwa mwanamke, mwambie, ili amwambie kijana wake.

Mwanao,
Kiema


Kathonzweni, 9 Mei 2024

Mwanangu Kiema,

Nakusalimu. Mguu uliniuma njiani, na ni nyumba ya tatu tu.

Nilichukua sukari kilo moja na majani ya chai, nikavaa kitambaa cha kanisani. Mama Mbuvi alikuwa jikoni anachagua ndengu kwenye ungo. Akataka kusimama, nikamwambia akae. Nilijua hataki kuniona: watu wetu walimwaibisha kijana wake mbele ya kijiji. Lakini alinipa kiti, akanipa na chai.

Nikasema nimekuja kutoa sababu. Nikamweleza yote. Vita, na Ndunge kubaki peke yake, na mahari aliyoyatoa. Nikamtaja mama yangu Nzisa kwa jina, mbele ya mtu ambaye si wetu, mara ya kwanza tangu nishikwe mdomo. Nikamweleza siku sita za kisima na lile jembe dogo. Nikamwambia na langu, kwamba mimi hata huyo wa kunipa jembe sina. Hilo sikupanga kulisema. Lilitoka tu. Nilikuwa nalia, Kiema, mwanamke wa miaka sabini na moja, kamasi mpaka kwenye chai.

Yeye hakusimamisha mikono. Ndengu nzuri huku, mawe kule. Nikamaliza. Nikamwambia, "Kwa hivyo mwanangu, hawa watoto ni damu moja ya Kivuva, na ndiyo sababu."

Akaweka ungo chini. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyetembea mbali sana akaja siku ambayo si ya soko.

"Pole, mama," akasema. "Mbuvi nilikuja naye. Alikuwa na miaka minne siku mtoto wa Kivuva aliponioa huko mjini."

Shangazi yako,
Kavata