Baba Anaifufua MG

Nuneaton,
Jumapili, Septemba 1986

Mpendwa mdogo wangu Neville,

Pokea salamu za dada yako, zimesafiri mbali kukufikia. Natumaini zinakukuta mzima huko Dunedin, wewe na wifi Ngaire, na yule mtoto ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Kama bado anakataa mboga, mwambieni shangazi yake naye alikuwa hivyo hivyo, na amekua. Mimi sijambo. Baba naye yuko, ila kifua kinamsumbua tangu baridi ilipoanza kubisha hodi, na dawa anazipa maua badala ya kuzimeza. Mzee Tonks wa jirani bado hai, bado mchokozi.

Barua yako ya Krismasi niliipata. Uliniuliza lile swali lako la kila mwaka, kama Baba amekutaja. Safari hii ukaongeza kwamba nauli unayo, na kwamba Baba akisema neno moja tu juu yako, hata liwe baya, utapanda ndege uje. Nilinyamaza miezi yote hii si kwa kukusahau, bali kwa kukosa jibu. Sasa ninalo. Nakuomba usome ukiwa umekaa, na Ngaire awe karibu.

Nianze na gari. Najua hutaki kulisikia, lakini habari yenyewe iko humo. Ile MG haikuuzwa chuma chakavu kama ulivyodhani. Ilikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai tangu mwaka ule wa msiba, na mimi nilizoea kuanika nguo nikiwa nimeipa mgongo. Kiwanda kilipopunguza watu na Baba akawa mmoja wao, alikaa kwenye kiti chake wiki nyingi akiangalia moto. Halafu siku moja baada ya Pasaka nikasikia turubai linavutwa. Nilitoka nikamwambia sitaki kuliona gari lile. Akanijibu kwamba kama sitaki kuliona, dirisha la jikoni lina pazia.

Basi nyumba ikageuka gereji. Giriboksi ilikaa juu ya meza ya kulia, nasi tukala na sahani mapajani. Kabureta alizichemsha kwenye sufuria yangu ya jemu, na mkate ukanuka mafuta ya taa mpaka Agosti. Mzee Tonks alikuja kuchungulia juu ya ukuta akauliza, "Cyril, hilo ni gari au kopo la maharage lililokanyagwa na farasi?" Baba hakucheka, lakini alimwambia kama ana nafasi ya kutania basi ana nafasi ya kushika mnyororo. Wazee wawili hao walifunga pua ya gari kwa mnyororo kwenye banda la zege la makaa la Tonks, wakavuta kwa winchi kidogo kidogo mpaka fremu ikanyooka. Banda likapata ufa. Tonks anasema atautaja ufa huo katika wosia wake.

Kile kiti cha gari alichokalia Mama, Baba alikitoa peke yake. Alikifunga kwenye blanketi akaondoka nacho kwa mkokoteni, akarudi mikono mitupu. Usiku ule hatukula.

Sikufichi, Neville, kazi ile ilinivuta. Nilianza kwa kumshikia taa, nikaishia kukata vyuma vilivyooza na kupiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Mlango wa kushoto tuliufunga na kuufungua sijui mara ngapi, maana Baba alitaka sarafu ya peni ipite kwenye mwanya wote bila kukwama wala kucheza. Ulipokubali, aliniambia nina mikono ya Mama. Nililia bafuni kwa furaha, mjinga mimi. Nilidhani mtu anayelinyoosha gari kwa upole ule anajiandaa kumnyooshea mkono na mwanawe. Siku Tonks aliposema kwamba Neville angefurahi kuliona, Baba aliweka nyundo chini akaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Wewe huhitaji kukumbushwa yaliyopita, lakini acha niyaweke hapa yote kwa mpangilio. Alhamisi ile ulichukua gari umpeleke Mama akachukue kofia yake ya sherehe ya mavuno kanisani. Kwenye kona ya daraja la mfereji gari halikukata kona. Uliwaambia polisi, na baadaye hakimu, kwamba usukani ulilegea mikononi mwako. Mabaki yakaletwa nyumbani, mkaguzi akaja siku ya nne, akalala chini, akaona kila kiungo cha usukani kimeshika imara. Ikaandikwa kwamba ulikimbiza gari. Siku ya mazishi, watu wakiwa na vikombe vya chai mkononi, Baba alikuambia mbele ya wote, "Asiyejua kuendesha husingizia usukani." Ukafungwa. Ulipotoka, mchumba wako Sylvia alikuwa ameshaolewa na mwingine, nawe ukapanda meli.

Sasa nije kwenye Jumamosi iliyopita. Tulikuwa tunafunga magurudumu ya mbele. Ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu hushikwa na nati yenye mapengo, na kupitia mapengo hayo huchomekwa kota pini, kile kijiti cha waya chenye miguu miwili, kisha miguu inakunjwa ili nati isijifungue barabarani. Unamjua Baba na ubahili wa watu waliokulia vitani: hatupi hata msumari uliopinda. Kota pini zote kuukuu tulizozitoa zimo kwenye kopo la tumbaku. Nami nimemwona maisha yangu yote akinyoosha vitu vya namna hiyo na kuvirudisha kazini. Kwa hiyo pini mpya zilipopungua, nilichukua moja kuukuu, nikainyoosha kwa koleo, nikaichomeka nikisikia fahari kwamba nimekuwa fundi wa Baba kweli kweli.

Alinipiga mkono. Hajawahi kunipiga tangu nizaliwe. Koleo ikaruka mpaka ukutani.

"Usiweke hiyo," akasema. "Kama hiyo ndiyo iliyomuua mama yako."

Akakaa chini, akaegemea gurudumu, akaniambia yote bila kuniangalia. Jumatano ile kabla ya msiba alikuwa amebadilisha kiungo cha usukani upande wa kulia. Kota pini mpya hakuwa nayo, na kwetu Jumatano maduka hufungwa adhuhuri, unajua. Akanyoosha ya zamani akaichomeka, hivi hivi nilivyofanya mimi, akikusudia kuibadilisha kesho yake. Alhamisi akaenda zamu ya alfajiri, wakati wa mapumziko akanunua pini mpya. Hakumwambia mtu asiliguse gari. Anasema hakufikiri kwamba kuna atakayelitoa.

Mabaki yalipoletwa jioni ile, kabla hata hajabadilisha nguo za kazi, aliingia chini na taa. Pini ilikuwa imekatika, nati imeanguka, kiungo kinaning'inia. Neville, pini mpya alikuwa nazo mfukoni. Akakirudisha kiungo mahali pake, akafunga nati nyingine, akachomeka pini mpya, akaikunja miguu, akapaka grisi na vumbi juu yake. Ndicho alichokikuta mkaguzi.

Nilimuuliza kwa nini. Alifuta grisi vidoleni kwa tambara. Kisha akasema, "Nilidhani watamkaripia tu, kijana mdogo, basi. Walipomfunga, nikawa nimeshachelewa." Nikamwambia hakuna kuchelewa katika kusema kweli, kulikuwa na kuogopa tu. Akasema ndiyo, aliogopa. Kwamba Enid alikuwa mke wake na asingeweza kuishi akijulikana kuwa ndiye aliyemuua. Kwa hiyo akakuachia wewe uishi nalo.

Gari alikuwa analitengeneza kwa ajili yako. Alitaka akuachie katika urithi, lipakwe rangi ile ile ya kijani, uje ulikute. Nilimwambia gari halina mdomo. Akaniomba nikae kimya mpaka afe, maana kwa kifua hiki si mbali. Nilikataa. Nina hasira naye ambayo sijui niiweke wapi, na bado kila asubuhi nampikia uji kwa sababu asipokula anakohoa. Usiniulize mambo hayo yanakaaje ndani ya mtu mmoja. Yanakaa tu.

Nilimwita mzee Tonks, Baba akarudia maneno yake yote mbele yake. Tonks hakutania. Alivua kofia, akatoka nje, na tangu siku hiyo hajachungulia juu ya ukuta. Kesho Jumatatu nampeleka Baba kwa wakili, kisha kituo cha polisi. Alisema angalau amalizie rangi kwanza. Nikasema hapana. Gari limebaki uani na rangi yake ya msingi ya kijivu, na mvua imeanza.

Kwa hiyo swali lako nimelijibu, ingawa si kwa jibu ulilolingoja. Miaka yote hii ulikuwa unauliza kama Baba amekusamehe. Hukuwa na kosa la kusamehewa, mdogo wangu. Usukani ulilegea mikononi mwako, kama ulivyosema. Lisome neno hilo mara nyingi kadiri utakavyo, mpaka usingizi wako urudi. Mama hukumuua wewe.

Kama nauli bado unayo, itumie au iache. Mimi kitanda chako nimekitandika, lakini sikushurutishi. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na umshike Ngaire mkono usiku wa leo.

Baba anajua naandika. Amesimama mlangoni muda mrefu, ameshika kofia yake kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Ameniomba nikupe salamu zake. Nilimuuliza niandike salamu za nani, akasema, "Andika tu za Cyril. Kama bado mimi ni baba yake, atasema mwenyewe."

Basi Cyril anakusalimu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Avril