Baba Yuko Msituni

Tolliver, 6 Julai

Mwanangu Darla,

Naomba barua hii ikukute mzima na mgongo wako umetulia. Sisi hatujambo. Kabla hujaanza kupiga kelele hapo jikoni kwako, soma kwanza mpaka mwisho.

Ndiyo, ni mimi niliyeondoka na baba yako. Nilipakia hema kubwa, magodoro, jiko la gesi, madumu ya maji na dawa zake zote kwenye pikapu, tukapanda milimani. Tuko msitu wa serikali. Sisemi zile kambi zenye meza na choo na majirani wenye redio. Tuko vile tulivyozoea ulipokuwa mdogo: unaiacha barabara ya changarawe, unatafuta uwazi ambamo wenzako waliwahi kulala, unasimamisha hema, basi. Bomba hakuna. Choo ni sepetu, na baba yako ndiye msimamizi. Jana alinifokea: "Hapo ni karibu na kijito! Unataka watu wa bondeni wanywe nini?" Mtu asiyekumbuka kama amekula.

Hatukai nyumbani kwa sababu unayoijua. Yale makomeo uliyafunga milangoni kwa mapenzi, silaumu. Lakini wewe ulikuwa unarudi Boise, mimi ndiye niliyebaki nikimtazama Hollis akitikisa kitasa kila jioni na kulia, "Nataka kwenda nyumbani." Ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe! Huku hajalia hata mara moja. Anachanja kuni, anawasha moto, analala. Asubuhi nilikuwa nakoroga kahawa, akanitazama weee, halafu akaniuliza, "Bibie, umeolewa?" Nikamwambia nimeolewa, na mume wangu ana wivu. Akasema, "Mjinga huyo ana bahati."

Sikwambii tuko wapi. Nikikwambia utakuja, utalia, nami nitasema ndiyo, na Agosti mosi atakuwa kwenye kile chumba cha nyumba ya wazee, chenye dirisha lisilofunguka. Simu huku haishiki, na hata ingeshika nisingepiga. Niandikie kwa posta ya Tolliver, wananitunzia barua. Huwa nashuka mjini kuchukua maji na barafu.

Usikonde.

Mama yako,
Verna

*

Boise, 10 Julai

Mama,

Shikamoo. Mgongo haujambo, ahsante, ila sasa ninaumwa kichwa, tumbo na moyo.

Mama, umenifanyia nini? Nilifika na vyakula vya wiki nzima, nakuta nyumba tupu na kikaratasi juu ya meza: "Tuko salama, usiwaite polisi." Unajua ni watu gani huandika hivyo? Watu wasio salama.

Sibishani nawe kuhusu makomeo. Unakumbuka kwa nini niliyafunga? Machi tulimkuta baba kando ya barabara kuu amevaa pajama, theluji inaanguka. Sasa umempeleka mahali pasipo na mlango kabisa! Wewe mwenyewe una miaka sabini na moja na nyonga ya chuma. Ukiteleza kijitoni nani atakuinua, baba? Atakupita akitafuta kuni.

Halafu kuna moto. Kila jioni nawasha televisheni, naona ramani ya jimbo letu imejaa alama nyekundu. Kila alama nasema, hao ndio wazazi wangu.

Ile nyumba ya wazee wamekubali kumshikia nafasi. Nilikaa mle asubuhi nzima, mama. Wanacheka na wazee, hawawafokei. Dirisha halifunguki, ni kweli. Lakini linatazama bustani.

Niambie barabara gani tu. Namba yake. Sitakuja, naapa. Nataka tu nijue kidole changu nikiweke wapi kwenye ramani.

Mwanao,
Darla

*

Tolliver, 16 Julai

Darla wangu,

Barua yako nimeisoma kwenye gari mbele ya posta, baba yako akila aiskrimu kando yangu. Nashukuru u mzima. Sisi pia, Mungu ni mwema, ila usiku kuna baridi.

Usiape kwamba hutakuja. Nakujua, nimekuzaa mimi.

Nikueleze hali ili utulie. Hema liko kwenye ardhi kavu, mbali na miti iliyokufa ambayo upepo unaweza kuiangusha. Chakula chote nakining'iniza juu kwenye tawi kwa kamba, dubu asije akatualika tuwe kitoweo. Baba yako amevaa filimbi shingoni. Mlango wa hema nimeufungia kengele ndogo kwenye zipu, akitoka nasikia. Suruali yake ya sufi bado haijakauka vizuri ila anayo nyingine.

Alikuja afisa wa msitu, binti mmoja anaitwa Maite Echeverri, jino moja limepishana, mcheshi. Alitueleza moto wa kuni sasa umepigwa marufuku kabisa, jiko la gesi tu. Akasema pia tumebakiza siku chache, kwa maana sheria ni wiki mbili mahali pamoja, kisha uhame. Baba yako akadhani amekuja kumwajiri. Akavua kofia, akasema, "Msumeno naujua, mama, na silewi kazini." Binti hakucheka. Akamwambia, "Nafasi ikitokea nitakuita wewe kwanza, Bwana Hollis." Ningeweza kumbusu.

Tulipokuwa tumebaki wawili pembeni aliniuliza, "Mama, uko peke yako na huyu mzee?" Nikamwambia niko na mume wangu. Halafu akanionyesha juu ya kilima, penye mti uliopigwa radi, akasema hapo simu hushika. Akanipa namba yake.

Kwa hiyo unaona, tuna jirani.

Kuhusu hiyo bustani. Baba yako hajawahi kutazama bustani maishani mwake. Yeye huingia ndani yake na sepetu.

Mama yako

*

Boise, 20 Julai

Mama,

Shikamoo. Habari za baridi?

Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka imelegea. Suruali ililoweshwa na nini? Mvua haijanyesha katika jimbo hili tangu mwanzo wa Juni. Na mtu hafungi kengele kwenye hema kwa urembo. Ilianza kengele au ilianza suruali?

Usinifiche mama, nakuomba. Ukinificha, nabuni mwenyewe, na ninayobuni ni mabaya kuliko yoyote utakayoniandikia. Kazini jana mteja aliniuliza swali nikamjibu, "Kwenye kijito."

Wametangaza moto mpya upande wa mashariki ya Tolliver. Wanasema ni mdogo. Yote huwa midogo mwanzoni.

Sikulazimishi tena habari ya nyumba ya wazee. Nataka nije nilale hemani nanyi. Nichimbe choo, nichote maji, nisikilize baba akinifokea. Wewe ulale. Mama, ni lini mara ya mwisho umelala?

Mwanao,
Darla

*

Tolliver, 24 Julai

Darla,

Naandika upesi, gari liko kwenye jua na baba yako hataki kukaa.

Ilianza suruali. Alfajiri aliingia kijitoni mpaka kiunoni akisema anavuka kwenda kazini. Nilimtoa. Maji ya huku ni barafu iliyoyeyuka, nilitetemeka kutwa, yeye akanifunika blanketi na kuniuliza nimepatwa na nini. Haya, nimekwambia.

Tumehama, muda wetu ulikwisha. Mahali papya ni pazuri, lakini Hollis hapajui. Kule alijua kila jiwe, miaka arobaini alilala pale. Hapa anazunguka gari akitafuta njia ya kijitoni, na kijito hakipo. Jana jioni alisimama mbele ya hema akasema, "Nataka kwenda nyumbani."

Moshi tunaunusa asubuhi, mchana hupungua.

Nipe wiki moja. Wiki moja tu, halafu nitakuandikia tuko wapi.

Mama

*

Boise, 28 Julai

Mama,

Shikamoo. Wiki moja ni nyingi. Ule moto mdogo si mdogo tena, umeruka mto. Nimepiga simu posta ya Tolliver, wanasema hujafika tena tangu tarehe ishirini na nne. Nimepiga ofisi ya msitu kumuulizia yule binti, wakasema yuko porini na hawajui atarudi saa ngapi. Nimewaachia jina langu na namba yangu, na rangi ya pikapu.

Ukipata hii, usikae kuandika. Panda penye ule mti wa radi. Piga.

Darla

*

Boise, 1 Agosti

Mama na Baba,

Nyumba ya wazee walinipigia leo asubuhi kuuliza kama mzee anakuja. Nikasema anakuja, yuko njiani. Sijui kwa nini nimesema hivyo.

Kesho nakuja Tolliver. Nitaleta barua hii mwenyewe na kuiweka pale kaunta, kwa sababu sijui niiweke wapi kwingine. Kama mnaisoma, basi tumepishana, na mimi niko katika moja ya barabara hizo za changarawe nikiita majina yenu. Msiondoke. Kaeni hapo hapo posta.

Mwanenu

*

Zahanati ya Tolliver, 2 Agosti

Darla mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu simu ya hapa imekatika, nguzo zimeungua. Maite anakwenda posta saa hii, amesema ataiacha barua hii kwenye kaunta, maana najua utakuja, upewe mkononi. Kwanza: baba yako yu hai. Rudia kuisoma hiyo, halafu endelea.

Siku ya Alhamisi nilikwenda kuchota maji. Chanzo kiko mbali na ile kambi mpya. Nilimwacha akimenya viazi, amefurahi, anaimba. Niliporudi viazi vilikuwepo, kisu kipo, yeye hayupo. Filimbi ilikuwa juu ya meza yetu ya kukunja. Aliivua akaiweka vizuri kando ya maganda, kama mtu anavyovua saa.

Niliita mpaka sauti ikaniishia. Moshi ulikuwa umeshuka, miti ya karibu tu ndiyo niliyoiona. Hapo ndipo nilipojua maana ya kuwa peke yangu, Darla. Nikibaki kambini huenda akarudi anikute. Nikiondoka kutafuta msaada, akirudi atakuta hema tupu na ataondoka tena. Nilikaa kwenye usukani nimeshika funguo, siwezi kuwasha, siwezi kushuka. Mwisho nilitandika mezani mkeka anaokalia, nikaweka kofia yake juu ili akirudi ajue ni kwake, nikawasha gari nikapanda kilimani penye ule mti wa radi, nikampigia Maite.

Maite alikuja na watu, na mbwa wawili, ingawa walikuwa wameanza kuhamisha watu kwa ajili ya moto. Hakuniuliza kwa nini nilimwacha. Afadhali angeniuliza.

Usiku ule sitauandika.

Asubuhi yake alionwa na mama mmoja na mumewe waliokuwa wakiondoka kwenye kambi yao upande wa pili wa kilima. Walisimamisha gari kwa sababu waliona mtu kichakani anachuma matunda ya mwituni. Yule mama alishuka kumwambia aondoke, moto unakuja. Hollis akampa konzi ya matunda, akamwambia, "Chukua, mke wangu ataoka keki." Mdomo zambarau, miguu mitupu, nyayo zimechanika zote.

Waliponifikisha kwake alikuwa amekaa nyuma ya gari, amefunikwa koti la mtu. Nikakimbia, nyonga na yote. Aliponiona hivyo, nywele zimesimama, nimejaa masizi, nalia, aliniinukia kwa miguu ile ile. Akanishika mkono. Akasema, "Pole, bibie. Usiogope, niko hapa. Umepotea tangu lini?"

Nilimwambia, "Muda mrefu."

Daktari amemfunga nyayo na kumsikiliza kifua, moshi umeingia kidogo, atapona. Kambi yetu imeungua, hema, magodoro, vyote. Ningekuwa bado nimekaa nikimsubiri pale, sasa hivi usingekuwa na wa kumwandikia.

Sijui kuhusu ile nyumba. Sijasema ndiyo. Nitakwenda nikaone hilo dirisha kwa macho yangu, na nitawauliza wale watu kama kuna sehemu mtu anaweza kuchimba. Wakisema hapana, tutatafuta nyingine, mimi na wewe, na hutafunga komeo mahali bila kuniambia. Lakini porini peke yangu sitamrudisha. Nilidhani nampa uhuru wake, na huenda nilimpa. Ila uhuru ule ulihitaji watu wawili wenye akili timamu, nami nilikuwa mmoja.

Zahanati iko nyuma ya kanisa, jengo la kijani. Usipitie daraja la chini, wamelifunga, zunguka kwa juu. Endesha polepole, moshi ni mzito na magari ya zimamoto yanakuja kwa kasi.

Amelala hapa mbele yangu, mkono wake uko kwenye mfuko wa koti langu. Sijapata usingizi tangu Jumatano. Wauguzi wananiambia nilale, nao ni watu wazuri, lakini siwezi, mwanangu. Naogopa kufumba macho mpaka ufike wewe, umtazame kwa macho yako.

Mama yako