Ua Lililobaki Nyuma ya Kofia

Mama,

Mungu akulaze pema. Sisi wanawake makaburini hatuendi sana, na mimi unanijua, jambo likinikaa kifuani silali. Basi nakuandikia.

Nianze na ya nyumbani. Duka letu la kofia hapa Darsait, Maskati, bado lipo. Kiti chako cha plastiki nimekiacha pale pale mlangoni, na mteja akitaka kukikalia namletea kingine. Kule Wattaya kwenye maduka ya magari, siku hizi ya Kichina yamejaa kwenye vioo, na wajukuu zako wanayataka hayo hayo. Wewe ambaye kila kilichovunjika ulikiita "cha Mchina hicho, hakifiki Idi", ungecheka mpaka ukohoe.

Na mimi, Mama, nimekwenda huko China. Nimekwenda mara mbili, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Ulipofariki uliacha kofia moja kwenye kikapu chako cha sindano. Ni ile ya maua madogo uliyoibuni mwenyewe, kazi ya miezi, na nyuma ua moja lilikuwa bado halijashonwa. Wateja walikuwa hawaachi kuiulizia. Mikono yangu unaijua, haikurithi kitu kwako. Nikaona niipeleke Guangzhou waidarizi kwa mashine, wapate kutoa nyingi, kazi yako isipotee. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Mji ule una maghorofa ya vioo mpaka shingo inauma kuyatazama. Noti hakuna anayeishika. Hata muuza viazi vitamu vya kuchoma, bibi mzee wa rika lako, analipwa kwa simu, na mgongo umempinda kwa kusukuma kigari chake. Ukivuka barabara tu kutoka kwenye vioo vile unaingia vichochoro ambavyo jua halifiki chini, na huko ndiko zinakoshonwa hizi nguo tunazovaa. Tajiri wa karakana, kijana mpole, alikuja na gari lisilo na mlio. Wafanyakazi wake wanalala ghorofa ya juu ya mashine, kitanda juu ya kitanda.

Mmoja wao anaitwa Mei. Yeye ndiye aliyepewa kofia yako. Alinawa mikono kwanza, kisha akaipindua atazame ndani. Nilikuona wewe, Mama. Miaka yote ulikuwa ukiniambia, "Pindua kwanza, mwanangu. Nje kila mtu anajua kujipamba."

Aliyekuwa akinitafsiria ni Neema, binti wa Mwanza anayesoma huko. Kupitia kwake Mei alinieleza kwamba ana mtoto wa kike wa miaka saba, yuko kijijini kwa bibi yake. Karatasi zao ni za kijijini, kwa hiyo shule ya serikali ya mjini mtoto hapati nafasi. Mama mtu humwona mara moja kwa mwaka, kwenye mwaka mpya wao. Alinionyesha viatu vyekundu alivyomnunulia kwa kukisia.

Nikakumbuka magauni ya Idi uliyokuwa ukinipelekea Unguja, wewe uko huku Maskati unashonea watu kofia ili upate kunileta. Yalinibana yote. Hukujua nimekua kiasi gani. Bibi alikuwa akiyafumua pembeni na kuyaongeza kitambaa, akanikataza nisikwambie. Leo nakwambia.

Nilikuwa katika mawazo hayo Mei alipoweka kidole pale penye pengo, akanitazama. Alikuwa anauliza. Machozi yalinilenga, hata sikutaka kupaangalia, nikamwambia Neema, "Mwambie ziwe kama hii hii, zisizidi wala zisipungue."

Zikawa hivyo. Niliporudi mara ya pili kuzikagua, kofia mia tatu, zote zina pengo nyuma. Tajiri alihamaki, akauliza nani kaharibu kazi. Wote wakamtazama Mei. Mei akanitazama mimi. Na mimi, Mama, mwanao uliyemlea kwa tonge la halali, nilinyamaza. Niliogopa wakijua kosa ni langu hawatazirudia bure. Neema alinigeukia mara mbili, nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Jioni ile ile Mei alikunja godoro lake. Kabla hajaondoka alinirudishia kofia yako, kaifunga vizuri kwenye karatasi safi.

Kofia mpya zilikuja, na ua lake limo, na zinauzika. Wazee wanazijaribu kichwani wanasema, "Wallahi, mkono wa Bi Zuwena huu." Naitikia. Kila nikiitikia sikiangalii kiti chako. Njia ya mwongo fupi, na yangu haikufika popote.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nilimwandikia tajiri nikamweleza kwamba aliyekosa ni mimi. Alinijibu kwa adabu kuwa nafasi ile imeshapata mtu, wanaotoka vijijini kutafuta kazi ni wengi. Basi. Nikamwomba Neema amtafute Mei. Akampata, karudi kijijini kwao, nikampelekea sauti yangu ya kumtaka radhi. Jibu lilinikuta dukani, Neema akanisomea kwa simu: "Mwambie niko na mwanangu. Vile viatu havimwingii."

Hakusema kwamba amenisamehe. Nililia mbele ya mteja, mtu mzima mimi, mpaka yeye ndiye akaniletea maji.

Najua ungesema nini. Ungesema, "Radhi haitumwi kwa simu kama salamu, nenda kwa miguu yako." Sawa, Mama. Idi ikipita nakwenda, na safari hii siendi karakana, nakwenda kijijini kwake. Kofia yako nitaichukua, ua lile sijaligusa. Nitaipindua mbele yake, nimwambie kwa kinywa changu nani aliyekosa, na mtoto awepo asikie kwamba mama yake hakuharibu kazi ya mtu.

Haya, nakuaga. Uliko kuwe na nuru, na mimi niombee nisirudi nyuma. Viatu vya yule mtoto sitanunua huku. Nitavinunua huko huko, nikishampima mguu.

Mwanao,
Zuhura