Bahasha ya Couple Zagabe

Miti, tarehe 2 Julai 2025

Noëlla mwanangu,

Salamu nyingi. Hamjambo huko Bukavu? Mgongo wa baba yako unaendeleaje? Mimi mzima, mihogo nayo haijambo, ila wewe umenichoma moyo.

Nakurudishia bahasha ya mwaliko wa arusi yako. Sijaifungua. Umeandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Mama Mjane Eulalie." Mjane wa nani? Mume wangu, tonton wako Lucien, alitoka hapa mwezi wa pili kwenda Kavumu kuuza kabichi, vita vikapita barabarani, hajarudi. Kutorudi si kufa. Mwili wake nani ameuona?

Na unajua barua zetu zinavyofika. Katekista anazipanga mezani kanisani, kila mtu anapekua akitafuta yake. Kabla sijatoka misani, shemeji yangu Jean-de-Dieu, ndugu yake Lucien, alikuwa ameshasoma. Akaniambia mbele za watu: "Ona, hata kwenu banajua muzee alisha kufa. Tufanye matanga, kisha tugawe shamba." Shamba hilo ndilo linalonilisha, na nyumba imo humo humo.

Mke wa mtu anaandikiwa pamoja na mume wake. Andika upya.

Shangazi yako,
Eulalie

Bukavu, tarehe 6 Julai 2025

Shangazi mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Sisi wazima, mgongo tu wa papa ndio bado unamsumbua.

Nisamehe. Mwanzo niliandika "Couple Lucien Zagabe" kama ninavyowaandikia siku zote. Papa akaichana. Alisema: "Couple ni bwana na bibi, ni viti viwili. Unataka dada yangu akae karibu na kiti tupu, batu bamuangalie siku muzima?" Aliona anakuepusha na aibu. Juzi wamegombana na maman mpaka chakula kikapoa. Mwisho maman akaniambia: "Andika, mutoto. Kile kiti nitakikalia miye."

Basi bahasha mpya hii hapa, Couple kwa herufi kubwa. Arusi ni tarehe 2 Agosti. Mchumba wangu Gentil anakusalimu sana, na anauliza kama utacheza.

Binti yako,
Noëlla

Miti, tarehe 15 Julai 2025

Noëlla wangu,

Mko salama? Mimi nimefurahi mpaka nimejiona mjinga. Bahasha yako niliiacha mezani kwa katekista Jumapili nzima, nikijifanya sijaiona. Watu wamesoma mpaka wamechoka. Jean-de-Dieu alinipita bila salamu, na habari za shamba hakuzigusa tena.

Sasa nimeisimamisha dirishani, anayepita njiani anaiona. Nitakuja, na nitacheza. Mama yako akalie kiti cha mume wangu, lakini asikizoee.

Shangazi yako,
Eulalie

Bukavu, tarehe 9 Agosti 2025

Shangazi,

Hujambo? Arusi imepita na wewe hukuja. Maman alilinda viti vyako viwili mpaka watu wakaanza kuaga. Sasa niko kwa Gentil, Kadutu.

Kama umekasirika, sema. Kama unaumwa, mwanamke yeyote anayeshuka mjini na mboga atuletee neno. Simu yako haipatikani. Naogopa.

Binti yako,
Noëlla

Miti, tarehe 19 Agosti 2025

Noëlla mwanangu,

Nawasalimu nyinyi wawili, Mungu ailinde nyumba yenu. Afya yangu si nzuri. Mkono wa kuume umevunjika, naandika kwa wa kushoto, univumilie.

Wiki ya arusi yako walikuja watu wenye bunduki, mchana, nikipalilia maharage. Wanamtaka Lucien. Wanasema aliwabebea adui zao mizigo. Nikasema sijui aliko. Mmoja akaiona bahasha dirishani, akaichukua akasoma. "Kwenu banamuandikia. Basi muzee iko hapa hapa." Wakanipiga ili nimtoe. Ningemtoa wapi? Wamesema watarudi, na wanamuulizia mpaka Kavumu.

Sasa sikiliza. Marehemu hatafutwi. Kama Lucien amejificha mahali, nataka wamwache. Niandikie barua ya pole. Juu uweke lile neno nililokukataza, herufi kubwa, na uipitishe kwa katekista. Ndani ulie kweli, maana wataifungua. Baba yako aje kwenye matanga. Shamba nimeshamwambia Jean-de-Dieu alichukue.

Barua hii ichome. Nampenda mume wangu, Noëlla, na sina njia nyingine ya kumsaidia.

Shangazi yako,
Eulalie

Bukavu, tarehe 24 Agosti 2025

Kwa Mama MJANE Eulalie, Miti

Shangazi mpenzi,

Tunakusalimu kwa uchungu mkubwa. Habari za kifo cha tonton Lucien zimetufikia. Uliuliza mwili wake nani ameuona: papa amekwenda mwenyewe Kavumu, amemwona aliyemzika, na hakuna shaka tena: tonton amefariki tangu mwezi wa pili.

Hapa kwetu tumelia wote. Nakumbuka nilipokuwa mdogo alinibeba mabegani kunivusha tope la Miti, viatu vyangu vya misa vikiwa mikononi mwake. Kila nikianza kuandika jina lake machozi yananizuia, na machozi haya ni ya kweli, shangazi.

Mungu ampokee. Wewe upumzike, ule, uuguze mkono. Usimngoje tena. Papa atafika kesho kwa matanga.

Binti yako,
Noëlla